Homa ya mtoto mlimani: Usikimbilie kusema ni baridi ya Lushoto

Likizo ya Desemba inapokaribia, wazazi wanaokuja kliniki huniuliza maswali ambayo miezi mingine siyasikii. Mmoja anataka kujua kama mtoto mwenye pumu anaweza kupelekwa Lushoto. Mwingine ana binti mwenye selimundu, shule imeandaa safari ya Usambara, na fomu ya ruhusa iko kwenye mkoba inasubiri saini. Wa tatu haulizi, ananiarifu tu kwamba kule juu hakuna mbu, kwa hiyo chandarua kitabaki nyumbani.

Jibu langu kwa wote huanza na neno moja: nendeni. Mtoto aliyekulia kwenye joto la Dar es Salaam au Tanga anastahili kuona ukungu ukipanda bonde asubuhi, kula plamu zilizochumwa siku hiyohiyo, na kusimama Irente akatazama nyika ya Mazinde iliyo chini kabisa, magari yakionekana kama siafu. Baada ya hapo ndipo tunakaa na kuzungumza, maana milima hii ina mambo yake, na kubwa kuliko yote ni homa.

Mlima uliokimbiliwa na wenye homa

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Arusha, baada ya Korogwe unafika Mombo. Hapo barabara ya Lushoto inachepuka kulia na kuanza kupanda, kilomita 33 za kona juu ya kona kupitia Soni. Mombo ni joto na mashamba ya mpunga. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukiendelea kuelekea msitu wa Magamba unapita mita 2,000. Kwa mwendo wa saa moja na kidogo umehama kutoka hali ya hewa moja hadi nyingine.

Wajerumani waliliona hilo mapema. Mji huu waliuita Wilhelmstal, na maofisa wao walipanda huku kupumzika na kukimbia homa za pwani. Mwaka 1898 alipita Usambara daktari maarufu, Robert Koch, yule aliyegundua vimelea vya kifua kikuu mwaka 1882. Alikuja kuchunguza malaria, akakuta jambo ambalo nadhani kila Mtanzania angepaswa kulijua. Wenyeji wa milimani walimweleza kwamba wakishuka nyikani hurudi na homa, na homa hiyo waliiita mbu. Alipouliza sababu, walisema kule chini kuna wadudu waitwao mbu, wanauma watu, na anayeumwa nao anaugua.

Ni mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Agosti 1897, Ronald Ross alikuwa ameona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu huko India, kazi iliyompa tuzo ya Nobel mwaka 1902. Wasambaa hawakuwa na hadubini. Walikuwa na macho na kumbukumbu: nani alishuka, nani alibaki, nani aliugua.

Sayansi ya baadaye ilieleza kwa nini walikuwa sahihi. Mbu wa kike anapofyonza damu yenye vimelea vya malaria, hawezi kumwambukiza mtu mwingine siku hiyo. Vimelea vinahitaji muda wa kukua ndani yake. Kwenye joto la nyuzi 25 vinachukua kama siku 12. Kwenye nyuzi 20 vinahitaji wiki tatu au zaidi, na mbu wengi hawaishi muda mrefu hivyo. Joto likishuka hadi kwenye nyuzi 16 au 17, vimelea vya aina inayotusumbua zaidi Tanzania karibu visimame kabisa. Kwa hiyo mlimani mbu wanaweza kuwepo, wakauma, wakakera usiku kucha, lakini wengi wao hufa kabla sumu yao haijaiva. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Usambara vilivyo kati ya mita 300 na mita 1,700 ulikuta uambukizaji ukipungua kwa zaidi ya mara elfu moja kutoka chini hadi juu.

Hapo ndipo mzazi wangu wa tatu anaponikatiza: si nilisema?

Malaria inapanda na abiria

Hesabu aliyoisahau ni hii. Mtu akiumwa na mbu mwenye malaria, homa haianzi kesho yake. Hupita angalau wiki moja, mara nyingi siku 10 hadi 14, pengine zaidi. Maana yake mtoto aliyeumwa nyumbani kwenu Muheza, Kibaha au Mkuranga Jumamosi hii anaweza kupanda Lushoto Jumamosi ijayo akiwa mzima, akacheza siku mbili, kisha akawaka homa usiku wa tatu kwenye chumba cha wageni chenye baridi. Malaria hiyo haikutoka mlimani. Alipanda nayo ndani ya damu.

Na hapo ndipo linapotoka lile neno ninaloliogopa kuliko mengine: ni baridi tu, mwili haujazoea. Mtoto anafunikwa blanketi la pili, anapewa chai ya tangawizi na dawa ya kushusha homa, anasubiriwa azoee. Asubuhi homa imeshuka kidogo, watu wanaridhika. Usiku inarudi.

Nimewahi kupokea mtoto wa miaka minne aliyefika kwetu akiwa na siku ya nne ya homa, iliyoanzia huko milimani. Mama yake si mtu wa kupuuza, chanjo zote ziko kwenye kadi, uzito umefuatiliwa vizuri. Lakini kila aliyemwona mtoto safarini, kuanzia shangazi hadi mpishi wa nyumba ya wageni, alisema hali ya hewa imembadilikia. Walipofika kwetu viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi na alikuwa anapumua kwa kasi. Kipimo cha haraka kilisoma malaria ndani ya dakika 15. Alihitaji kuongezewa damu usiku uleule. Alipona, na sasa yuko darasa la pili. Kipimo kile kinapatikana hata kwenye zahanati ndogo kabisa, na siku ya kwanza kingetosha yeye kutibiwa kwa vidonge tu.

Baridi peke yake haileti homa. Nalirudia hili kila siku na najua linasikika kama ubishi, kwa sababu lugha yetu yenyewe inatuchanganya: mtu akitetemeka kwa malaria tunasema anasikia baridi. Baridi ya hewa inaweza kumfanya mtoto atetemeke, midomo ikabadilika rangi, na mwili wake ukawa wa baridi. Ukimgusa ukakuta anaungua, kipimajoto kikasoma nyuzi 38 au zaidi, kuna kitu kingine kinachopigana naye. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo au mafua ya kawaida. Mkono wako hauwezi kutofautisha, hata mkono wangu hauwezi. Kipimo ndicho kinachoweza.

Kwa hiyo mtoto akipata homa mlimani, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Zahanati zipo, na Lushoto mjini kuna hospitali ya wilaya. Mwambie mhudumu mlikotoka na mlilala wapi katika wiki tatu zilizopita, maana anayefanya kazi mahali pa baridi anaweza asiifikirie malaria haraka kama wa pwani. Kipimo kikisoma hakuna malaria, usidai dawa ya malaria kwa nguvu. Mwombe atafute chanzo kingine, na homa ikiendelea mtoto arudi apimwe tena. Kama mtoto anatapika kila anachomeza, hawezi kunyonya wala kunywa, amepata degedege, amelegea kiasi cha kutoamka vizuri, anapumua kwa shida au mkojo umekuwa mweusi kama kokakola, hilo si la zahanati. Tafuta usafiri wa kwenda hospitali, hata iwe saa nane usiku na kona zote zile.

Hesabu ileile inafanya kazi mkirudi. Familia nyingi hulala Mombo au Korogwe usiku mmoja ili zipande asubuhi, au hushuka kununua mchele na kukaa hadi jioni. Usiku huo mmoja wa bondeni unatosha. Homa itakuja wakati picha za safari zimeshasahaulika, wiki mbili baadaye, siku shule inafunguliwa.

Wanaoshuka wako hatarini zaidi

Tumezungumza habari za wageni wanaopanda, lakini kama daktari, hofu yangu kubwa iko kwa watoto wanaokwenda upande wa pili. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Lushoto, Bumbuli au Mtae huumwa malaria mara chache sana. Ni baraka, lakini ina gharama: mwili wake haujajenga kinga yoyote dhidi ya vimelea hivyo. Mwenzake wa Muheza aliyekwisha kuugua mara kadhaa na kupona anaweza kuvumilia siku mbili. Mtoto wa mlimani anaweza kuzidiwa haraka zaidi, na hata mtu mzima wa huko yuko hivyohivyo.

Wasambaa ni watu wa kutembea. Mboga na matunda yao yanalisha masoko ya Dar es Salaam, wengi wana ndugu Tanga na Korogwe, na likizo watoto hushushwa kwa bibi. Wewe unayesoma hapa ukiwa mwenyeji wa milimani, mtoto akishuka alale ndani ya chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza, na yule bibi aambiwe wazi: huyu hajazoea malaria, akipata homa asisubiriwe hadi kesho. Kwa mtoto mwenye selimundu au mama mjamzito zungumza na daktari kabla ya safari, maana kwao kuna dawa za kinga.

Chandarua basi kipande nacho au kibaki? Kipande. Ni chepesi kuliko begi la vipodozi.

Baridi yenyewe

Baada ya kuitetea baridi kwenye suala la homa, niseme makosa yake halisi. Juni hadi Agosti usiku wa Lushoto ni wa kuvaa sweta mbili, na hata Desemba jioni hubadilika ghafla mvua ikinyesha. Mchana mtoto anakimbia akitoka jasho, saa kumi na moja ukungu unashuka naye bado amevaa fulana iliyolowa. Mbadilishie nguo kavu kabla ya kumwongezea nguo nyingine. Kofia na soksi zinasaidia kuliko blanketi la tatu, hasa kwa kichanga, ambaye joto jingi hulipoteza kupitia kichwa chake.

Mwenye selimundu ndiye anayenifanya niongee kwa kirefu. Kimo cha Lushoto mjini kwa kawaida si tatizo kubwa kwake. Hewa haijapungua oksijeni kiasi cha kutisha, na ule ugonjwa wa mwinuko tunaousikia Kilimanjaro kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500. Kinachomchokoza ni baridi na kukaukiwa na maji, na safari hii huleta vyote viwili pamoja. Ndani ya basi wazazi humnyima mtoto maji ili asiombe kujisaidia njiani. Akifika anakuta hali ya ubaridi, hasikii kiu, hanywi. Halafu wenzake wanaingia kwenye maji ya maporomoko, baridi kama ya friji, naye anaingia. Usiku mifupa inaanza kuuma.

Kwa hiyo yule mama wa fomu ya shule nilimwambia asaini, kwa masharti. Mwalimu anayeongoza safari ajue hali ya binti, kwa jina la ugonjwa, si kwa mafumbo. Atembee na chupa yake ya maji na anywe hata asipokuwa na kiu. Maji ya maporomoko ayaangalie kwa macho. Dawa zake za kila siku, folik asidi na haidroksiyurea kama anatumia, ziwe kwenye begi la mkononi pamoja na dawa ya maumivu. Na homa yoyote kwa mtoto mwenye selimundu ni dharura, iwe mlimani au sebuleni kwenu. Safari za Kilimanjaro nilimwambia hapana.

Mwenye pumu naye anaweza kwenda. Hewa ya msitu haina vumbi wala moshi wa magari, na wengi hupumua vizuri zaidi wakiwa Magamba kuliko Kariakoo. Ila hewa ya alfajiri yenye baridi kali hubana kifua, hasa kwenye mbio za kupanda kilima. Dawa yake ya kuvuta aitembeze mfukoni, isibaki chumbani, na aepushwe na jiko la kuni lililofungiwa ndani. Kuna imani ya zamani kwamba hewa ya milimani inatibu kifua. Huko Ulaya walijenga hospitali nzima juu ya imani hiyo wakati dawa hazijapatikana. Leo dawa zipo. Kifua kikuu hutibiwa kwa vidonge vya kila siku kwa miezi sita, na mwenye dozi apande nazo zote bila kuruka hata siku moja.

Jambo moja la baridi linaua watu wazima na watoto kwa pamoja, nalo ni jiko la mkaa kuingizwa chumbani. Nyumba nyingi za kupanga kule hazina vipasha joto. Usiku mtu anaona huruma, analeta jiko lililobaki na makaa, anafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Moshi ungekuamsha, yenyewe inakulaza zaidi. Watu wa chumba kimoja wakiamka wote wana maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, msifikirie chakula cha jana tu. Tokeni nje wote mara moja, na muende hospitali. Jiko lisilale ndani hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo. Omba blanketi, lala na wanao kitanda kimoja, jaza maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na uizungushie kitambaa.

Njiani na ukingoni

Zile kona 33 za kilomita 33, kama madereva wanavyopenda kutania, humtapisha mtoto kabla hajaona lolote. Mpe chakula kikavu na chepesi kabla ya Mombo, usimpe maziwa mengi. Mkalishe mbele ya basi aangalie barabara, na simu iwekwe mfukoni, maana mtoto anayetazama katuni kwenye kona za Soni atatapika tu. Dawa za kichefuchefu cha safari zipo, lakini promethazini haifai kwa mtoto chini ya miaka miwili. Masikio yakiziba, mkubwa atafune kitu na kichanga kinyonyeshwe.

Irente ni mwamba, na chini yake ni mamia ya mita za hewa tupu. Watu wanakwenda ukingoni kabisa kupiga picha. Mtoto chini ya miaka kumi ashikwe mkono, si kuitwa kwa sauti. Sina utaalamu wa ziada wa kitabibu hapo.

Jua la mlimani linadanganya. Hewa ni baridi, kwa hiyo hulisikii, lakini kadiri unavyopanda ndivyo miale inayounguza ngozi inavyoongezeka, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Kwa mtoto mwenye ualbino hili si dogo. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga, hata siku ya mawingu.

Wengine huniuliza kuhusu tauni. Ni kweli Lushoto ilikuwa na milipuko ya ugonjwa huo kuanzia mwaka 1980 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, na wenyeji waliteseka. Mgeni wa leo inatosha awafundishe watoto wasishike panya aliyekufa. Maziwa ya mtindi na jibini za Lushoto ni tamu, uliza tu kama maziwa yalichemshwa. Maji ya mto, hata yawe maangavu kiasi gani, yachemshwe.

Mkisharudi nyumbani, andika tarehe ya safari nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, mlikolala na siku mlizolala hapo. Kwa wiki nne zinazofuata, homa yoyote ikitokea, mwonyeshe daktari kadi hiyo kabla hujamweleza kitu kingine.